Nyeri ihesabu wagonjwa wake kabla ya kuhesabu makaburi

Kila mwaka kaunti zetu huandika mipango ya afya. Humo utaona idadi ya watoto watakaohitaji chanjo, idadi ya akina mama wanaotarajiwa kujifungua, na idadi ya vyandarua, ingawa kwenye baridi hii ya Nyeri mbu mwenyewe ni wa kutafutwa. Hesabu hizo hazitoki hewani. Afisa wa afya huchukua idadi ya watu kutoka kwa sensa, akaizidisha kwa kiwango cha uzazi, akajua ni chupa ngapi za chanjo aagize na ziende zahanati gani. Mtoto hajazaliwa lakini sindano yake tayari imo njiani.

Sasa ulizia upande wa pili wa maisha. Uliza ni watu wangapi katika Mathira, Tetu au Kieni watakaofariki mwaka ujao baada ya kuugua kwa muda mrefu. Uliza wangapi kati yao watahitaji dawa kali ya maumivu, na nani atawapelekea nyumbani. Hapo utaona watu wakitazamana. Si kwamba hesabu hiyo ni ngumu kuliko ile ya chanjo. Ni kwamba hatujazoea kuifanya, na wengi wetu tunaona kuifanya ni kama kumwitia mtu kifo.

Maoni yangu ni kwamba miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya haviwezi tena kuendelea hivyo, na sababu imo ndani ya takwimu zetu wenyewe.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 katika Kaunti ya Nyeri. Ile ya 2009 ilikuwa imehesabu 693,558. Kwa hiyo katika miaka 10 tuliongezeka kwa karibu 9 na nusu kwa kila 100, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa 23 kwa kila 100. Utafiti wa kitaifa wa afya na uzazi wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Nyeri alitarajiwa kuzaa watoto 2.7 kwa wastani na wa Kirinyaga 2.3, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 3.9. Wastani wa watu katika nyumba moja ya Nyeri ulikuwa 3 mwaka 2019. Nchini kote ulikuwa karibu 4.

Nyumba ya watu 3 ni nyumba ya namna gani? Mara nyingi ni mzee na mkewe na mjukuu aliyeachwa asome shule ya kijiji. Au ni cucu peke yake, na nyumba ya jirani ina cucu mwingine peke yake. Vijana wako Nairobi, Ruiru, Nakuru. Wengine wako Marekani na Uingereza, tena wakiwatunza wazee wa watu wengine kwa mshahara. M-Pesa hufika kila mwisho wa mwezi, lakini M-Pesa haiwezi kumgeuza mgonjwa ubavu saa nane za usiku. Maeneo yetu ni miongoni mwa yale yenye sehemu kubwa ya wazee nchini, na wazee ndio wanaoshikwa na saratani, moyo kushindwa kufanya kazi, figo, kiharusi na kisukari kilichokomaa. Serikali yenyewe ililijua hilo ilipoichagua Nyeri mwaka 2018 kuwa moja ya kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wake wa magonjwa yasiyoambukizwa.

Kwa wasomaji ambao hawajalisikia neno hili, tiba shufaa ni matunzo ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake huenda usipone: kumpunguzia maumivu, kumsaidia kupumua, kutibu vidonda vya kulala sana, kuzungumza naye na jamaa zake bila kuwaficha jambo. Si kumwua wala si kumtupa. Wala si jambo geni hapa. Nyeri Hospice ilianzishwa 1995, miaka 5 baada ya ile ya Nairobi. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi Nairobi Hospice siku zake za mwanzo, alivuka mpaka akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na nchi hiyo ikawa mfano kwa Afrika nzima kwa mofini yake ya kunywa. Sheria nayo ipo. Sheria ya Afya ya 2017 inataja tiba shufaa waziwazi kuwa sehemu ya haki ya kila mtu kupata afya, pamoja na kinga na matibabu. Tuna hata sera ya taifa ya tiba shufaa, ya 2021 hadi 2030.

Tuna sheria, tuna sera, tuna hospisi. Kinachokosekana ni hesabu ya mtaa kwa mtaa, na bila hesabu hiyo hospisi hubaki kumhudumia yule aliyebahatika kuelekezwa mlangoni pake.

Hebu tufanye hesabu pamoja, msomaji, na kalamu tu. Tuchukue vifo 8 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kiwango kisicho mbali na makadirio ya nchi nzima ya miaka ya karibuni. Kwa watu wa Nyeri hiyo ni vifo 6,000 na ushei. Je, wangapi kati yao hufa na mateso makubwa ya ugonjwa? Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti yake 2017 ilikadiria kwamba mwaka 2015, kati ya vifo milioni 56.2 duniani, milioni 25.5 viliambatana na mateso ya namna hiyo. Ni 45 kwa kila 100. Tukikiazima kiwango hicho, Nyeri inapata watu 2,700 hivi kila mwaka. Kirinyaga, yenye watu 610,411, inapata 2,200. Meru, yenye watu 1,545,714, inapita 5,500.

Najua mtaalamu atakunja uso. Kiwango cha dunia si cha Nyeri, na kaunti yenye wazee wengi huenda ikazidi hapo. Nakubali. Lakini hata hesabu hii ya kuazima inatupa kitu cha kushika. Chukua wagonjwa hao 2,700. Tuseme kila mmoja atembelewe na muuguzi mara moja kwa mwezi katika miezi yake 6 ya mwisho, jambo ambalo ni dogo sana. Hayo ni matembezi zaidi ya 16,000 kwa mwaka. Muuguzi anayefika nyumba 4 kwa siku, siku 220 za kazi, anamaliza matembezi 880. Gawanya. Tunahitaji wauguzi 19, yaani 3 kwa kila eneo bunge na mmoja wa akiba. Hiyo si ndoto ya mlevi. Ni idadi ambayo bunge la kaunti linaweza kuijadili asubuhi moja.

Ila wauguzi 3 wa Mukurwe-ini si sawa na 3 wa Kieni. Kule Mukurwe-ini na Tetu nyumba zimekaribiana, tatizo ni mabonde na utelezi wakati wa mvua. Kieni ni pana na kame, na kutoka Naro Moru kwenda nyumba za mbali kule chini, muuguzi atamaliza nusu ya siku juu ya bodaboda. Ndiyo maana nasema hesabu ya kaunti nzima haitoshi; ishuke mpaka wadi, ishuke mpaka kijiji.

Na mofini je? Wataalamu hukadiria kwamba wagonjwa 80 kati ya 100 wanaokufa kwa saratani huhitaji mofini, wastani wa miligramu 75 kwa siku kwa siku kama 90. Makadirio ya kimataifa yalihesabu vifo 29,317 vya saratani nchini Kenya mwaka 2022. Fungu la Nyeri, kwa idadi yake ya watu tu, ni karibu vifo 470. Zidisha, na jibu ni kilo 2 na nusu za unga wa mofini kwa kaunti nzima, kwa mwaka mzima. Mzigo huo unaingia kwenye kiondo kidogo cha kwendea sokoni Karatina na nafasi inabaki. Unga huo huchanganywa na maji katika duka la dawa la hospitali, ukawa dawa ya kunywa ambayo jamaa wanaweza kumpimia mgonjwa nyumbani. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inataka mofini ilindwe na iandikwe kila tone, na ni sawa. Lakini ni aibu mtu kulia usiku kucha Othaya kwa sababu hakuna aliyekaa chini akaandika kwamba Othaya itahitaji gramu kadhaa mwezi huu.

Sasa tuje kwenye takwimu zenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye matatizo ambayo watu wa mlima wanayajua vizuri kuliko mtaalamu wa Nairobi.

La kwanza ni sensa. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, kila mtu alihesabiwa pale alipolala. Fundi wa magari wa Githurai alihesabiwa Githurai. Miaka 3 baadaye daktari anamwambia kwamba uvimbe umeenea. Anafanya nini? Anafunga kibanda chake, anarudi kwa mamake Mukurwe-ini. Watu wetu hawafii mjini wakiweza kuepuka. Wanarudi kwenye shamba ambako watazikwa. Kwa hiyo mzigo wa mgonjwa huyo unaangukia zahanati ambayo haikumhesabu, na mama wa miaka 74 ambaye naye ana shinikizo la damu. Anayepanga kwa sensa peke yake ataipa Nairobi wagonjwa wetu, na sisi atatuachia mazishi.

La pili ni mahali kifo kinapoandikishwa. Kenya huandikisha kifo pale kilipotokea, si pale marehemu alipokuwa akiishi. Hospitali ya rufaa ya Nyeri hupokea wagonjwa kutoka Laikipia, Nyandarua, Kirinyaga na kwingineko. Mtu wa Nanyuki akifia Nyeri, kifo chake kinaingia katika hesabu ya Nyeri. Kwenye karatasi Nyeri inaonekana kama mahali pa kufia na Laikipia kama mahali pa uzima. Ukitoa fedha kwa kufuata karatasi hiyo utajaza vitanda mjini, na yule wa Nanyuki ataendelea kusafirishwa kwenye matatu akiwa hoi.

La tatu, na ndilo linalonikera zaidi, ni sababu ya kifo. Mtu akifia hospitalini, mhudumu wa afya hujaza fomu na kuandika ugonjwa. Akifia nyumbani, jamaa huenda kwa naibu wa chifu, naye huandika kile anachoambiwa. Jamaa husema nini? Husema mzee alikuwa na kifua. Husema tumbo. Husema ni uzee. Ugonjwa wenye aibu hauandikwi kabisa. Fungua ukurasa wa matangazo ya vifo katika gazeti lolote, au usikilize yale ya redio za lugha ya mama jioni: mmoja aliaga baada ya kuugua kwa muda mrefu, mwingine baada ya kuugua kwa muda mfupi. Basi. Hata hospitalini, baadhi ya fomu husema tu kwamba moyo ulisimama, kana kwamba kuna maiti ambaye moyo wake unaendelea kupiga. Na hapo tunazungumzia vifo vilivyoandikishwa. Nchini kote, vifo vingi vinavyokadiriwa kutokea haviandikishwi kamwe.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Kilifi, ambako tangu 2000 watafiti wamekuwa wakifuatilia kuzaliwa, kuhama na kufa kwa wakazi wa eneo zima, mtu aliyefunzwa huitembelea familia baada ya matanga na kuuliza kwa upole marehemu aliumwa vipi: alikohoa kwa muda gani, alipungua uzito, alishindwa kumeza, alivimba miguu. Majibu yale hulinganishwa na dalili zinazojulikana na sababu ya kifo hukadiriwa. Hatuhitaji kituo cha utafiti kama cha Kilifi katika kila wadi. Naibu wa chifu akipewa maswali 10 ya namna hiyo kando ya kibali cha mazishi, baada ya mwaka mmoja tungejua mengi.

Lakini wafu ni nusu ya habari tu. Waliopo ndio wanaohitaji kutunzwa, na hapa naona tumekalia mali bila kujua. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozidi 100,000, kila mmoja akipewa nyumba zipatazo 100 na simu ya kuingizia habari. Mama huyo anaishi kijijini humo humo. Anajua nani hajaonekana kanisani tangu Pasaka. Kwa hesabu yetu ya juu, katika nyumba zake 100 za watu 3, watu 2 au 3 watafariki ndani ya mwaka, na mmoja au zaidi atakuwa wa kufa kwa mateso. Mmoja! Je, hatuwezi kumjua huyo mmoja mapema?

Halafu kuna orodha ya wazee wa miaka 70 na zaidi wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya Inua Jamii. Kuna rejista ya wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu kwenye zahanati. Kuna vyama vya ushirika vya kahawa na vituo vya majani chai, ambako mwanachama asipoleta mazao misimu miwili watu huuliza. Kila daftari liko kwenye kabati lake na funguo zake. Sipendekezi kuyamwaga yote mezani. Napendekeza tu kwamba yule mhamasishaji, akimtembelea mzee aliye kwenye orodha, aongeze swali ambalo halimo kwenye simu yake. Aseme, "Cucu, usiku unalala? Ni kitu gani kinachokuamsha?" Maumivu yasiyotulia hujibu swali hilo haraka. Naye muuguzi wa zahanati ajiulize, akipitia majina ya wagonjwa wake wa muda mrefu, kama angeshangaa kusikia fulani amefariki kabla ya mwaka kuisha. Madaktari wa Uingereza na kwingineko hutumia swali hilo hilo. Yule ambaye kifo chake hakingemshangaza muuguzi, aanze kutunzwa leo.

Wapo watakaopinga, na sababu zao si za kipuuzi. Orodha ya watu wanaokaribia kufa ni kitu cha hatari katika nchi ya mashamba. Habari ikivuja kwamba mzee fulani amebakiza miezi, utawaona wana waliokuwa wamepotea wakirejea na vipimo vya ardhi, na mawakala nyuma yao. Wengine wataona ni mkosi. Wengine watahofu kwamba aliyeandikwa hatatibiwa tena hata malaria. Kwa hiyo pawe na vitabu viwili visivyokutana. Hesabu, yaani idadi tu bila majina, ipande kutoka kijijini hadi wadi na hadi kaunti. Majina yabaki kwa muuguzi na mhamasishaji, na mgonjwa mwenyewe akubali kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika kundi la habari nyeti, na anayezitoa ovyo ashtakiwe kama mwizi mwingine yeyote.

Hoja ya kwamba hatuna pesa siiamini sana. Katika jimbo la Kerala huko India, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, majirani walijipanga mtaa kwa mtaa wakatafuta wagonjwa wa kudumu, wakachangisha fedha ndogo ndogo, na wauguzi wakaja juu ya msingi huo. Serikali ya jimbo ikaweka sera yake 2008. Sisi ni watu wa harambee na vyama. Tunachanga kwa siku 5 mfululizo mtu akishakufa, hema zikakodishwa, basi likajaa. Marehemu huyo huyo alikaa miezi 4 bila godoro la kufaa. Sisemi tuache kuzika vizuri. Nasema tukijua wiki 12 mapema kwamba yupo, sehemu ya mchango ule ingemfikia angali anaweza kusema asante.

Bima nayo iangaliwe. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF kuanzia Oktoba 2024. Malipo yakifuata kitanda cha hospitali, familia italazimika kumlaza mtu ambaye hospitali haina la kumfanyia tena, na ambaye ombi lake ni moja tu, kurudi nyumbani. Kaunti inayoweza kuonyesha kwa takwimu kwamba ina wagonjwa 2,700 wa namna hiyo, wako wadi gani na wanaugua nini, ina msingi wa kudai kwamba matembezi ya nyumbani yalipiwe. Kaunti isiyo na takwimu itaambiwa isubiri.

Mpango wa maendeleo wa sasa wa kaunti unakwisha 2027, na ule wa miaka 5 inayofuata utaanza kwa vikao vya kukusanya maoni ya wananchi. Vikao hivyo kwa kawaida hujaa maombi ya barabara, maji na taa za soko. Atakayehudhuria katika wadi yake, iwe Karatina, Kerugoya, Chuka au Nanyuki, anaweza kuinua mkono na kuuliza mambo 3: ni wagonjwa wangapi wa kutunzwa nyumbani wanaotarajiwa katika wadi hii mwaka ujao, ni gramu ngapi za mofini zimeagizwa kwa ajili yao, na muuguzi atakayewafikia ni nani.